Rous, SV40, HPV au EBV: uanze na kirusi kipi kuielewa saratani?

Wiki ya pili ya muhula mlango wangu haufungwi. Wanafunzi wa mwaka wa tatu huja mmoja mmoja na swali lilelile: "Mwalimu, nichukue kirusi gani?" Semina yetu inamtaka kila mmoja achague kirusi kimoja kinacholeta uvimbe, aifuate jeni yake hatua kwa hatua, mpaka aweze kueleza bila karatasi jinsi seli yenye afya inavyoacha utii na kuwa seli ya saratani. Wengi huchagua kwa jina la ugonjwa. Aliyemuuguza shangazi yake huchukua HPV, kirusi cha saratani ya mlango wa kizazi; aliyesikia habari za kuku huchukua Rous, kirusi cha uvimbe wa kuku. Silioni kosa hapo, maana mwenye jambo moyoni husoma kwa bidii. Lakini wiki mbili baadaye nusu yao hurudi kuomba kubadili, kwa kuwa kirusi walichokichukua hakijibu swali walilo nalo.

Ndiyo maana nimeviweka hapa vinne ambavyo nimevifundisha zaidi ya vingine, kimoja kando ya kingine. Homa ya ini B nimeiacha makusudi. Saratani ya ini huletwa na jeni za kirusi na pia na miaka mingi ya ini kuumia na kujitengeneza upya, na kuyatenganisha mambo hayo mawili si kazi ya mtu anayeanza. HTLV-1 na kirusi cha Kaposi, ambavyo pia huleta saratani, navyo vingoje mwaka wa pili wa somo hili.

Seli iliyogeuzwa inaonekanaje

Kabla ya kulinganisha chochote, lazima tukubaliane kirusi "kinageuza" nini. Chukua sahani ya plastiki ya maabara, ile ya mviringo inayoenea kiganjani. Panda humo seli za 3T3, seli za panya zilizotengenezwa New York mwanzoni mwa miaka ya 1960, umimine chakula chao chenye rangi ya waridi, uziweke kwenye kabati la nyuzi joto 37. Siku chache zikipita zitakuwa zimegusana kila upande, na hapo huacha kugawanyika. Hutandaza safu moja tu, kama mkeka uliosukwa vizuri. Ukizipaka rangi ya zambarau na kuinua sahani kuelekea dirishani, unaona wingu jepesi lililoenea sawasawa.

Sasa rudia, lakini baadhi ya seli uzitie jeni ya src, ile ya kirusi cha Rous. Baada ya wiki mbili, juu ya lile wingu jepesi kuna vitone vya zambarau nzito, vingine kama kichwa cha pini, vingine kama punje ya mtama. Ukiviweka chini ya darubini utaona seli zimepandiana, zimejiviringa, zimelegeza mshiko wake kwenye sakafu ya sahani. Kila kitone ni kichuguu kilichoanzia kwenye seli moja iliyokataa kusimama. Unavihesabu kwa kalamu ya wino chini ya sahani. Nimeshika sahani hizo mara nyingi na bado nikiiona ya kwanza yenye vitone moyo hunienda mbio.

Kuna alama nyingine. Seli iliyogeuzwa huweza kukua ikiwa imening'inia kwenye uji mzito wa agari, bila sakafu ya kushika, na ukiidunga kwa panya asiye na kinga ya mwili huota uvimbe. Jeni za virusi hazifiki zote umbali ule ule: nyingine huifanya seli isizeeke tu, nyingine huibadili umbo, nyingine huifikisha kwenye uvimbe kamili. Tofauti hizo ndizo utakazozipima unapochagua.

Mimi huvipima virusi vyote kwa maswali matatu. Jeni hiyo imetoka wapi? Ndani ya seli inashika nini? Na la tatu, ambalo nalipa uzito kuliko yote: ukiizima jeni hiyo baada ya seli kugeuka, seli inarudi ilivyokuwa?

Kirusi cha Rous: jeni moja, pigo moja

Mwaka 1911 Peyton Rous, wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, alitangaza kwamba alichukua uvimbe wa kuku wa aina ya Plymouth Rock, akausaga, akauchuja kwa kichujio ambacho hakuna seli wala bakteria inayopita, na maji yaliyobaki yakawatia kuku wengine uvimbe uleule. Wengi hawakumjali, kuku si binadamu, walisema. Nishani ya Nobel alipewa mwaka 1966, umri wake ukiwa miaka 87.

Uzuri wa kirusi hiki kwa mwanafunzi ni uchache wake. Kina jeni tatu za kujizalisha, na ya nne ni src. Ukiikata src, kirusi kinaendelea kuzaliana vizuri kabisa ila hakigeuzi seli tena. Maana yake saratani haikisaidii kitu kirusi chenyewe. Basi kwa nini kinabeba jeni hiyo?

Jibu lilitoka mwaka 1976, kwa kazi ya Stehelin, Varmus, Bishop na Vogt. Waliitafuta src ndani ya DNA ya ndege wenye afya, wakaikuta: kwa kuku, kware, bata, hata emu. Baadaye ikaonekana kwa wanyama wanyonyeshao, nasi tukiwemo. Kirusi kiliiokota jeni hiyo kwenye seli ya kuku na kuondoka nayo. Kikulacho ki nguoni mwako: jeni ya saratani ilikuwa yetu tangu mwanzo, kazi yake halali ni kuiambia seli lini ikue na lini isogee. Bishop na Varmus walipewa Nobel mwaka 1989 kwa hilo.

Src inashika nini? Ni kinasi, yaani protini inayopachika fosfeti kwenye protini nyingine, na mwaka 1980 ilithibitika kwamba huipachika kwenye amino asidi iitwayo tairosini. Src ya seli ya kawaida ya kuku ina mkia wenye tairosini ya namba 527. Mkia huo ukipachikwa fosfeti hujikunja na kuifunga protini nzima, mfano wa kisu cha kukunja. Src ya kirusi imepoteza mkia huo. Kisu hakikunjiki tena, kinakata mchana na usiku. Protini za mifupa ya seli na za kushikia sakafu hupachikwa fosfeti ovyo, na ndiyo sababu seli hujiviringa na kung'oka.

Na ukiizima? Mwaka 1970 Steven Martin alipata kirusi chenye src isiyovumilia joto. Kwenye nyuzi 36 seli zilikuwa za saratani, zimejiviringa. Alipozipandisha hadi 41, joto lililo karibu na la mwili wa kuku mwenyewe, zikalala chini na kurudia umbo la kawaida. Akishusha, zinageuka tena. Sijui jaribio jingine katika somo hili linalomshawishi mwanafunzi haraka kuliko hilo.

Udhaifu wake ni upi, basi? Kwa binadamu, hakuna saratani inayoletwa na kirusi cha Rous. Hata kwenye seli za wanyonyeshao hakiingii kwa urahisi. Aina zake chache zinazowapa panya uvimbe hubaki ndani ya DNA bila kutoa virusi vipya. Anayetaka kueleza ugonjwa wa mama yake hatafika kwa njia hii. Atakachopata ni wazo, nalo ni kubwa: dawa ya imatinibu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2001 kwa aina moja ya saratani ya damu inaifunga kinasi nyingine ya tairosini iliyokwama ikiwa wazi, ndugu wa mbali wa Src.

SV40: shule ya breki

Rous anafundisha kanyagio la mafuta lililokwama. SV40 inafundisha breki.

Kirusi hiki cha nyani aina ya rhesus kilielezwa mwaka 1960 na Sweet na Hilleman. Kilikuwa kimejificha ndani ya seli za figo za nyani zilizotumika kutengenezea chanjo ya polio, na tayari mamilioni ya watu walikuwa wamechanjwa. Muda mfupi baadaye ikaonekana kwamba kinawaotesha uvimbe vichanga vya wanyama wadogo waitwao hamsta. Unaweza kufikiria hofu iliyoingia. Miaka mingi ya ufuatiliaji haikuthibitisha kwamba kinawapa watu saratani, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limekiweka kundi la 3, yaani ushahidi hautoshi kukihukumu kwa binadamu. Nalisema mapema kwa sababu kila mwaka yupo mwanafunzi anayekuja na video ya mtandaoni inayodai kinyume.

DNA yake ni duara dogo la herufi 5,243, iliyosomwa yote mwaka 1978. Jeni ya kugeuza seli ni sehemu moja inayotoa protini mbili kwa kukatwa na kuungwa kwa namna tofauti: T kubwa, yenye amino asidi 708, na t ndogo.

Hapa jibu la swali la kwanza linageuka juu chini. T si jeni iliyoibwa kwetu. Ni ya kirusi chenyewe, nacho kinaihitaji. Kirusi kidogo namna hii hakina mashine ya kunakili DNA, kinategemea ya seli, na mashine hiyo hufanya kazi pale tu seli inapojiandaa kugawanyika. Kwa hiyo T kubwa huiamsha seli iliyolala. Ndani ya seli ya nyani, kirusi kinazaliana na seli inakufa, hivyo hakuna saratani. Ndani ya seli ya panya au hamsta, kirusi hakiwezi kukamilisha kazi. Mara chache DNA yake hujichomeka kwenye kromosomu, T ikabaki inaiamsha seli kila siku, na seli haifi. Uvimbe ni matokeo ya kirusi kilichopotea njia. Wanafunzi wakilielewa hili, HPV huwa nusu ya kazi.

T kubwa inashika breki mbili. Ya kwanza ni RB, protini iliyopewa jina la saratani ya jicho ya watoto inayotokea ikikosekana. RB huzishikilia protini za E2F zinazowasha jeni za kunakili DNA; T huikamata RB, E2F zinatoka. Breki ya pili ni p53. Hii yenyewe iligunduliwa kwa kuivua T: mwaka 1979 watafiti waliivuta T kwa kingamwili na kila mara ikaja imeng'ang'aniwa na protini nyingine, iliyoonekana kwenye jeli ya kupimia protini kuwa na uzito wa kilodaltoni 53. Uzito wake halisi ni karibu 44, lakini jina lilishakaa. Kwa miaka 10 walidhani p53 inaleta saratani, mpaka ilipodhihirika mwaka 1989 kuwa ndiyo mlinzi: DNA ikiharibika huisimamisha seli au huiamuru ijiue.

Na t ndogo? Inaishika PP2A, enzaimu inayoondoa fosfeti. Usiidharau. Mwaka 1999 maabara ya Robert Weinberg ilionyesha kwamba seli ya kawaida ya binadamu inaweza kugeuzwa kuwa ya saratani kwa kuitia sehemu ya T ya SV40, jeni ya telomerasi inayozuia ncha za kromosomu zisiishe, na RAS, jeni ya kuikuza seli, iliyoharibika. Baadaye ikabainika kwamba bila t ndogo orodha hiyo haikamiliki. Seli ya panya hugeuka kwa urahisi, ya binadamu inadai mengi. Ukiisoma orodha hiyo polepole unaona ni nini hasa kinachosimama kati yetu na saratani kila siku ya maisha.

Ukizima T, seli za panya zilizokuwa zikigawanyika bila kuzeeka husimama. Ipo T inayofanya kazi kwenye nyuzi 33 na kulala kwenye 39, ya kuonyeshea hilo darasani.

HPV: breki zilezile, ndani ya mwili wa mtu

Sifichi upendeleo wangu. Wanafunzi wengi nawashauri HPV, nami nitaeleza sababu kwa kirefu.

Harald zur Hausen na wenzake walitoa DNA ya HPV 16 kwenye uvimbe wa mlango wa kizazi mwaka 1983, na ya HPV 18 mwaka uliofuata. Nobel ilimfikia mwaka 2008. Aina hizo mbili peke yake zinahusika na karibu asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Mwaka 2022 duniani waliugua wanawake wapatao 660,000 na wakafariki kama 350,000, wengi wao katika nchi kama zetu.

DNA ya HPV 16 ni duara la herufi karibu 7,900. Jeni mbili za kutazama ni E6 na E7. E7 ina amino asidi 98 tu, E6 kama 150. Linganisha na 708 za T kubwa. Kazi ambayo SV40 huifanya kwa protini moja ndefu, HPV imeigawa kwa protini mbili fupi.

Sababu ya kirusi kuzihitaji ni ileile, ila huku inaonekana wazi zaidi. HPV huishi kwenye ngozi laini ya mlango wa kizazi, na virusi vipya hutengenezwa kwenye tabaka za juu, ambako seli zimeshaacha kugawanyika na zinangoja kubanduka. Hakuna mashine ya kunakili DNA inayofanya kazi huko. E7 inaikamata RB na kuipeleka ikavunjwevunjwe, seli inaamka. Lakini seli inayoamshwa kwa nguvu hupiga kengele: p53 hupanda na kutaka kuiua. Ndipo E6 inapoingia. Inamchukua mtumishi wa seli mwenyewe, enzaimu iitwayo E6AP, na kumwongoza aibandike p53 alama ya taka. Kwamba E6 huifanya p53 ivunjwe kulionyeshwa mwaka 1990. T ya SV40 huishika p53 na kuizuia tu, ikajaa tele ndani ya seli bila kazi. E6 huifuta kabisa. Mwanafunzi akiniletea picha ya jeli ya seli mbili, moja p53 imejaa, nyingine haipo, naye akajua ni ipi ya SV40 na ipi ya HPV, nampa alama zake zote.

E6 pia huwasha telomerasi. Kwa hiyo kile ambacho Weinberg alilazimika kukitia kwa mkono, HPV hukileta yenyewe.

HPV za hatari ndogo, kama 6 na 11 zinazoleta vigwaru, nazo zina E6 na E7. Tofauti ni kwamba E7 yao huishika RB kwa ulegevu, na E6 yao haifuti p53. Mwanafunzi anapata ndani ya ukoo mmoja wa virusi kielelezo cha kinacholeta saratani na kisicholeta. Rous haina kitu kama hicho.

Kwa kawaida E6 na E7 zinatawaliwa na protini nyingine ya kirusi, E2, inayozizuia zisizidi. Maambukizi mengi kinga ya mwili huyaondoa. Katika wachache, DNA ya kirusi hukatika na kujichomeka kwenye kromosomu, na mara nyingi panapokatika ni kwenye E2. Mtawala ameondoka, E6 na E7 zinafurika. Hata hapo saratani haiji kesho; huchukua miaka 15 hadi 20, maana bila p53 seli hukusanya makosa mengine taratibu. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyetibiwa inaweza kuchukua miaka 5 hadi 10. Muda huo mrefu ndio unaoipa maana safari ya kliniki kwa uchunguzi.

Swali la tatu sasa, na hapa ndipo HPV inapoviacha vingine vyote. Seli za HeLa zilitolewa mwaka 1951 kwenye uvimbe wa Henrietta Lacks, katika hospitali ya Johns Hopkins huko Baltimore, bila yeye kuombwa ridhaa, na zimekuwa zikigawanyika tangu siku hiyo. Zina HPV 18. Jeni ya p53 ndani yake ni nzima, haina kasoro. Protini yake ndiyo inayofutwa kila inapotengenezwa. Mwaka 2000 watafiti walizirudishia HeLa protini ya E2. E6 na E7 zikanyamaza, p53 na RB zikarudi kazini, na seli zilizogawanyika karibu miaka 50 zikazeeka ndani ya siku chache. Zilitanuka, zikalala bapa, zikasimama. Breki zilikuwepo muda wote huo, zimezuiwa tu.

Ukitafuta mahali ambapo jeni ya kirusi, seli, na maisha ya mtu vinakutana, ni hapo. Na kuna chanjo: Rwanda ilianza kuitoa kitaifa mwaka 2011, Tanzania 2018, Kenya 2019. Chanjo hailengi E6 wala E7, inalenga ganda la nje, L1. Ndiyo maana inakinga lakini haiponyi aliyekwisha kupata uvimbe. Wanafunzi wengi hulikosa hilo kwenye mtihani.

EBV: kiko nyumbani, ila kina siri

Kirusi hiki, Epstein-Barr kwa jina kamili, kina haki ya kwanza kwetu kwa historia. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji Kampala, alieleza mwaka 1958 uvimbe wa mataya kwa watoto wa Uganda. Mwaka 1961 alifunga safari ya gari na wenzake wawili, wiki 10, maili 10,000, kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika, akiuliza hospitali kwa hospitali, akakuta uvimbe huo unafuata maeneo ya joto na mvua. Mwaka huohuo Anthony Epstein alimsikiliza akihutubia London, akaomba sampuli. Zikawa zinapelekwa kwa ndege. Moja ilichelewa kwa sababu ukungu ulizuia ndege kutua London, ikageuzwa kwenda Manchester. Ilipofika maji yake yalikuwa na ukungu pia, na ukungu huo ulikuwa seli hai zinazoelea. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza kirusi walichokiona kwa darubini ya elektroni.

Kisayansi, hata hivyo, kirusi hiki kitakuchosha. DNA yake ina herufi karibu 172,000 na jeni zaidi ya 80. Ukikitia kwenye seli B za damu ndani ya sahani, seli hizo huanza kugawanyika bila kikomo, na protini zaidi ya tano za kirusi zinashirikiana. Moja, LMP1, hujifanya CD40, mlango wa seli B wa kupokea ishara ya kukua, ambao umeachwa wazi. Nyingine, EBNA2, huiga Notch, njia ya seli ya kupitishia ishara. Ukiizima EBNA2 seli za sahani husimama. Mpaka hapo mambo ni mazuri.

Lakini ukifungua uvimbe wa Burkitt wenyewe, LMP1 haipo. EBNA2 haipo. Iliyobaki ni EBNA1, inayoishikilia DNA ya kirusi isipotee seli inapogawanyika, pamoja na RNA chache ndogo. Kinachoisukuma seli ni MYC, jeni yetu wenyewe, iliyohama kutoka kromosomu ya 8 na kutua, mara nyingi, kwenye ya 14, karibu na swichi ya kingamwili isiyozimwa ndani ya seli B. Malaria inayojirudia huzichokoza seli B, ikiongeza nafasi ya kuhama huko. Jeni zinazogeuza seli kwenye sahani si zile zinazoonekana kwenye uvimbe. Mwanafunzi asiyeambiwa hili mapema huandika kurasa 15 kuhusu LMP1 na Burkitt, na zote huwa kazi bure. Limenitokea kulisahihisha zaidi ya mara moja, na huniuma, kwa kuwa kosa ni la mwalimu asiyemwambia.

Basi uchukue kipi

Kama unachotaka ni kuona kwa macho kwamba jeni moja inatosha kuanzisha mambo, chukua Rous. Inamfaa pia mwalimu wa sekondari asiye na maabara: kuku, kichujio, na jaribio la joto vinaeleweka kidato cha tano.

Kama una nafasi ya kufanya kazi kwa mikono, SV40. Plasmidi za T, yaani viduara vya DNA vyenye jeni hiyo, zinapatikana, na seli nyingi za maabara, zikiwemo 293T, tayari zina T ndani yake. Majaribio ya T isiyovumilia joto yanahitaji makabati mawili ya nyuzi tofauti na umeme wa kuaminika. Nilipokuwa mwanafunzi, katika maabara niliyokuwepo, umeme ulikatika usiku mmoja na jenereta haikuwaka. Asubuhi nilikuta sahani 24 zimepoa na wiki tatu za kazi zimekwenda. Panga jaribio lako dogo, lirudiwe, na sahani nyingine uziweke kwenye kabati la jirani.

Kwa anayesomea udaktari, uuguzi au afya ya jamii, sina mjadala: HPV. Utaweza kutoka kwenye amino asidi 98 za E7 hadi kwenye kadi ya kliniki ya mwanamke bila kuruka hatua hata moja.

EBV mpe anayekwenda shahada ya pili, mwenye subira, na hasa anayetaka kufanya utafiti hapahapa, maana wagonjwa, malaria na swali lenyewe viko kwetu. Kwa nini seli ya Burkitt inaendelea kukitunza kirusi wakati MYC imeshashika usukani? Anayetaka swali la kukaa nalo miaka, ni hilo.

Ukiwa na muda wa viwili, soma SV40 wiki mbili za kwanza, kisha HPV. Ukianza kinyume utalazimika kurudi nyuma kuuliza RB ni nani na p53 ilitoka wapi. Na ukimaliza hivyo viwili kabla ya muhula kwisha, tafuta kirusi cha seli za Merkel, kilichogunduliwa mwaka 2008: ni ndugu wa SV40, kinawapa watu saratani ya ngozi, na ndani ya uvimbe T yake huwa imekatwa upande mmoja, isiweze tena kunakili DNA ya kirusi, huku sehemu inayoishika RB imebaki nzima.